Kitunguu cha Nyongeza

Kitunguu kimoja tu, cha ukubwa wa yai, nusura kimfanye Fadumo achomwe moto mchana kweupe pale mtaa wa Tena, Eastlands, Nairobi.

Na usidhani alikuwa na njaa. Nyanya, viazi na sukuma wiki, vyote alikuwa amevilipia kama mtu mstaarabu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Fadumo alikuwa ametoka Kismayu akikimbia vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mumewe, Wehliye, alikuwa safarini na lori. Kabla ya kuondoka alimwachia onyo moja: mtu akikupigia kelele, usibishane, ondoka zako.

Onyo zuri. Shida ni kwamba Wehliye hakuwahi kununua mboga Eastlands hata siku moja.

Aliyemfundisha soko ni jirani yake Nzilani, mke wa karani mmoja, mama mcheshi ajabu. Walikuwa wakienda pamoja, na Fadumo hakuuliza maswali. Aliangalia tu.

Aliona nyanya haziokotwi moja moja, unachagua fungu. Aliona sukuma unakatiwa papo hapo. Akaona pia kwamba Nzilani akishalipa hujichukulia kitunguu kimoja juu ya fungu, anakitia kikapuni, wanarudi nyumbani.

Kumbe hapa ndivyo, akajiambia. Akaona amefika mji wenye roho nzuri.

Siku hiyo Nzilani alikuwa na nguo za kufua. "Tangulia tu, mama Ruqiyo, nakuja nyuma."

Ruqiyo, binti yake mdogo, alikuwa amelala. Fadumo akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya ushungi wake, akaenda kibandani kwa Khavere.

Khavere ni Mmaragoli, mfanyabiashara asiyecheka ovyo. Alimkatia sukuma, akapokea pesa, akarudisha chenji.

Fadumo akanyoosha mkono, akachukua kitunguu. Tena alimtazama Khavere machoni, akatabasamu.

"Weh! Weka hiyo chini!"

Fadumo akakumbuka onyo la mumewe. Akaondoka. Haraka.

"Kumbe ni wewe unanimalizia vitunguu kila siku! Mwizi! Mwizi huyo!"

Neno hilo Eastlands halisubiri maelezo. Kulikuwa na vibarua waliokosa kazi Industrial Area, wamekaa ukutani na hasira zao. Waliruka wote.

Mutie, aliyekuwa mbele, alimshika ushungi. "Wariya," akamwita kwa jina walilowabandika Wasomali, "kitunguu umetoa wapi?"

"Mimi nimelipa."

"Umelipa hiki?"

"Hiki... hiki si cha kulipa."

Wakacheka. Halafu kofi la kwanza likatua.

"Tumpeleke Makadara kortini," mzee mmoja akasema.

"Korti gani, buda? Leteni tairi!"

Fadumo hakujua tairi ni la nini. Lakini aliona kijana analiviringisha, na akina mama wanawaondoa watoto wao, akaelewa. Akashika ufunguo kwenye ncha ya ushungi na kuwaza nani atamfungulia Ruqiyo.

Khavere akapenya katikati, kisu cha sukuma bado mkononi.

"Nani alikuambia unajichukulia tu hivyo?"

Fadumo akainua kichwa kumtafuta Nzilani. Alikuwepo. Amesimama nyuma ya watu, povu la sabuni mikononi, anamtikisia kichwa polepole. Usinitaje.

Hapo ndipo Fadumo alipokumbuka. Kila mara Nzilani alipochukua kitunguu, Khavere alikuwa ameinama kutafuta chenji.

Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Rafiki yake wa pekee Nairobi! Jina moja tu, na watu wote wangegeukia kule.

Lakini tairi lilikuwa pale pale, na angekuwa yeye aliyemsukuma mwenzake ndani yake. Mambo hayo aliyakimbia Kismayu.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni mimi. Sikujua."

Khavere alikuwa amefuata macho yake. Akamwona Nzilani akirudi kinyumenyume. Akakumbuka lile tabasamu pia, maana mwizi hakuchekei machoni akikuibia.

"Mwacheni!" Khavere akafoka. "Ni kastoma wangu. Hiyo ni nyongeza, nimempa mwenyewe."

"Mama, si umepiga nduru sasa hivi?"

"Nimesema nimempa! Unataka kunifunza biashara yangu?"

Mutie akaachilia ushungi. Watu wakatawanyika wakinung'unika, wengine wamekasirika kabisa kwamba hakuna wa kuchomwa.

Khavere akamrudisha Fadumo kibandani, akachukua kitunguu cha pili, akakiweka kikapuni yeye mwenyewe.

"Nyongeza inatoka kwa mkono wa mwenye kibanda. Umeona?"

Kisha akapaza sauti: "Nzilani! Kastoma wangu! Leo hutaki yako?"

Nzilani alishaingia ndani.

Jioni hodi ikapigwa. Fadumo akafungua. Nzilani, yule mcheshi, alisimama pale anatazama miguu yake.

Fadumo aliingia jikoni, akatoka na kitunguu kimoja, akamtia mkononi.

"Chukua. Hiki nimepewa."

Wewe uliye ugenini unayesoma hii, uliza. Uliza hata wakikucheka. Na wewe mwenyeji, mgeni anakutazama mikono, na siku moja anaweza kulipa kwa roho yake kwa kile ulichomwonyesha.