Mshambuliaji Aliyebakizwa Kiwandani

Juzi kiwandani hapa Musoma, wafanyakazi walikuwa wakisomewa nani anapunguzwa kabla mwekezaji hajaingia. Mshambuliaji wa miaka mingi wa timu yetu ya mpira ya kiwanda, goti limekwisha, akasogea dirishani kwa karani kuaga.

"Wewe unabaki," karani akamwambia, kidole juu ya faili. "Fundi mitambo daraja la kwanza."

"Mimi? Nilikuwaga nafunga magoli tu! Mashine sijawahi hata kuigusa."

"Faili ndivyo linavyosema."

Cheo hicho alipewa ili asihamie timu nyingine. Fundi wa kweli wa mashine, mzee wa kutoka Kiriba, aliandikwa kibarua, na vibarua wote wanaondoka. Nami nilishangilia kila bao!

Mzee akatoa spana mfukoni, akamkabidhi. Mshambuliaji akaipokea kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, hii inashikwaga vipi?"