Treni ya Mbinga Haikufika Ziwani

Nilijitolea kwenye makumbusho ya reli kwa sababu yalikuwa jirani na kwetu na yalikuwa na kiti. Sababu nyingine sina. Mimi nikifika Kitai tu, hapo jirani, naanza kuulizia basi la kurudi.

Treni sikuwa nimewahi kuiona, na Mbinga haikuwa na reli. Reli ilikuwa kichwani mwa baba mkubwa. Alitengeneza njia ya treni miaka mingi, mbali huko, mpaka walipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Alirudi na taa ya ishara, bendera mbili, kofia na filimbi, akaomba chumba kimoja cha ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu kahawa ianze kununuliwa na watu binafsi. Mle ndani, juu ya meza ndefu, akajenga reli ndogo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa: mataruma ya vijiti, reli na milima ya mbao, kichwa cha treni na mabehewa matatu, treni ikivutwa kwa uzi uliozungushwa na pedali ya baiskeli. Kila asubuhi alivaa kofia akaenda kufungua, hata kama wageni walikuja Jumapili tu, baada ya misa.

Tulikuwa watatu: yeye, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyewaelezea wageni, na mimi niliyezungusha pedali kwa mkono, nimekaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwali katoka ndani! Jua halijakuunguza?"

Kisha mnunuzi mmoja wa kahawa akalitaka ghala lote. Afisa wa wilaya akasema atakuja Jumatatu ajionee: kama ni makumbusho kweli, chumba kitabaki, kama ni vijiti mezani, tutoke. Baba mkubwa alipaka kofia rangi ya kiatu.

Mwalimu akaona milima yetu ya mbao ina upara. Tukaleta udongo, tukachimba ngoro kwenye miteremko, vishimo vya ukubwa wa kikombe, vimepangwa kama vya mashambani kwetu, tukapanda ulezi. Ukaota kweli.

"Maji msimwage ovyo," alisema baba mkubwa. "Zile ni mbao."

"Tumesikia."

Jumamosi nilipita nikakuta ulezi umelegea. Mmatengo gani anaona mche umelegea kwenye ngoro akapita zake? Nilinyunyiza kikombe kimoja, nikarudi nyumbani kulala.

Jumatatu afisa akaja. Baba mkubwa akapuliza filimbi, akainua bendera ya kijani. Nikazungusha. Treni ikatoka Mbinga, ikapanda mlima wa kwanza, ikasimama. Mbao zilikuwa zimevimba, magurudumu yamebanwa. Nikaongeza nguvu, uzi ukakatika.

"Nani katia maji?" akauliza baba mkubwa.

"Kikombe kimoja tu, jana," akasema mwalimu.

"Na mimi kimoja," nikasema.

Baba mkubwa akautazama ule ulezi.

"Mimi viwili," akasema.

Afisa alicheka, wala si kwa ubaya. "Wazee wangu, shamba lenu limestawi." Akaandika kitu kwenye daftari lake. Tulipewa mpaka Ijumaa.

Ijumaa meza ikagoma kupita mlangoni. Baba mkubwa aliijengea humohumo ndani, na hakuna aliyefikiria kutoka. Baba mkubwa akaleta msumeno.

"Tukate wapi?" nikauliza.

"Popote." Halafu akanishika mkono. "Hapana. Kata katikati ya njia. Stesheni haikatwi."

Nilikata. Nilingoja nijisikie vibaya, lakini kilichonijia ni njaa. Mwalimu alishikilia upande wa ziwani, akipiga chafya kwa vumbi la mbao. Vipande viwili tukavibeba hadi kwa baba mkubwa, kimoja sebuleni, kingine barazani nje, na udongo ukidondoka njia nzima.

Wiki iliyofuata alikuja kwetu asubuhi, bila kofia. Akakaa. Tukatazama ua.

"Wewe mwanangu," akasema, "umekaa nyumbani miaka yote hii. Asubuhi unaanzaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo ninalolijua. Nilimwambia asichelewe kuamka, kwani anayechelewa hufikiri mengi akiwa kitandani. Afagie kidogo, hata kama pamefagiliwa. Achemshe chai mwenyewe.

"Halafu?"

"Halafu inakuwa saa nne."

Aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa mbili na nusu.