Mnara wa Nadhira

Nadhira binti Zubeir mtamkuta Madungu, mjini Chake, kwenye duka lake dogo la fotokopi. Kwao ni Mgogoni. Alikwenda Unguja kusomea kompyuta, akarudi, na wenziwe wengi hawakurudi. Alikuja na nia moja: kuwapelekea watu wa Mgogoni na Ole intaneti ya majumbani, mtu asilazimike kupanda kilima kutafuta mtandao, simu kaiinua juu kama anayeanika kitambaa.

Sasa, biashara hiyo haianzwi hivi hivi, inataka leseni. Kampuni isajiliwe, mitambo ichorwe itakaa wapi, na mwenye ardhi akubali kwa maandishi. Nadhira alikwenda na kurudi, akarudi tena, mpaka ikabaki ardhi tu. Pahala alipopataka ni juu ya kilima cha Bi Ummkulthum, bibi mzee wa hapo Mgogoni, ambapo mnara ungeiona Chake bila kizuizi.

Akamwendea. "Bi, naomba pale juu nijenge mnara."

Bi Ummkulthum akamshika mikono, akamwombea dua ndefu, akatia dole kwenye karatasi wala asitaje kodi. Nadhira akaondoka akijisemea, kumbe na watu wazima waitaka intaneti.

Siku ya kupeleka maombi ya leseni Chake, alipita kumuaga Bi. Mimi jirani yake nilikuwa uani nawamba kitanda cha Bi kwa kamba mpya, na Bi mwenyewe yuko jamvini achambua karafuu.

"Mwanangu," Bi akauliza, "ngazi umezitia ndani au nje? Mzee Ame magoti yamuuma, na adhana ya alfajiri ni yake."

Nadhira akacheka. Kisha akaelewa. Msikiti wa pale hauna mnara, Mzee Ame huadhini kibarazani, na Bi miaka yote hamu yake ni kuujengea huo msikiti mnara.

Angekuwa mwengine angesema "nje, Bi," akenda zake. Karatasi ina dole, na gari lamngoja barabarani. Nadhira alivua viatu akakaa jamvini.

"Bi, mnara wangu si wa msikiti. Ni wa chuma, wa intaneti."

"Wa biashara?"

"Wa biashara, Bi."

Bi akaendelea kutoa makonyo, vile vikonyo vya karafuu. "Miye kilima nishakinuia kwa ajili ya Mungu. Nikishanuia, sikirejeshi kikawa cha duka."

"Na karatasi ishatiwa dole," Nadhira akasema taratibu, kama anayeuliza.

"Dole nililitilia mnara mwengine."

Nadhira akaitoa ile karatasi kwenye faili, akamrejeshea. Bila hiyo maombi hayapokelewi, naye alijua. Uso ulimwanguka, lakini mkono haukusita. Bi akaikunja akaiweka chini ya jamvi.

"Weye nawe," akamtania, "na shahada yako yote, wajenga mnara huna hata muadhini. Haya, huo wako wataka nini?"

"Kuiona Chake tu, Bi."

"Twende banda la mbuzi. Kule sijanuia kitu."

Banda liko nyuma ya nyumba, na huko ardhi imeinama. Nadhira alipanda juu ya jiwe akatazama, minazi imeziba. Ingebidi aongeze chuma, apime upya, achore upya.

"Patafaa," akasema. "Ila mnara utabidi urefuke."

"Na urefuke. Na hapa utanilipa kodi, maana si sadaka."

Karatasi ya pili Bi hakuitia dole mpaka yalipoongezwa maneno yake mwenyewe: *mnara wa chuma, usio wa kuadhinia*. Nadhira aliniambia baadaye kwamba afisa aliyeipokea aliisoma, akairudia, akamwuliza kama hilo ni sharti la kiufundi.

"La mwenye ardhi," akamjibu.

"Basi halina ubaya," akasema yule, akagonga muhuri.

Leseni ilitoka msimu wa karafuu umeshakwisha. Nadhira akampelekea Bi nakala, akamsomea yote. Bi hakuuliza intaneti inaanza lini. Aliuliza kama mafundi, wakishamaliza bandani, wanaweza kupanda kilimani wampimie na yeye mnara wake, angalau ajue utataka matofali mangapi.

Nadhira akasema atakuja nao yeye mwenyewe.