Nyumba Moja Kando ya Bahari

Mume wangu alipokodi zile pointi, alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Tulikuwa tukiishi Kitale miaka hiyo, katika nyumba ya kupanga nyuma ya duka lake la mbegu na dawa za mifugo, nami nilifundisha shule ya msingi upande wa pili wa barabara. Alinikuta jikoni namenya viazi.

"Mama watoto, hebu weka kisu chini," akaniambia. "Agosti tunaenda bahari. Sisi wote, na mama yako pia."

Nikaweka kisu chini. Mama yangu alikuwa hajaona bahari, na wakati wa kuiona ulikuwa unamwishia. Daktari wa macho kule Bungoma alituambia kwamba ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone ingechelewesha tu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alikuwa akiona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo: kilicho mbele yake kabisa anakiona, kilicho kando hakipo. Baba alifanya kazi bandarini alipokuwa kijana, akarudi na hadithi za maji yasiyo na ng'ambo, akaahidi kumpeleka, akafa kabla ya kutimiza. Sasa mama alitaka ayaone hayo maji, na amwone mjukuu wake akicheza humo. Binti yetu alikuwa amelelewa na yeye nilipokuwa chuoni, na alimwita kukhu, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi. Mama hakuwa mtu wa kuombaomba. Hilo tu ndilo aliloniomba.

Kuhusu pointi, nitaeleza, kwa sababu hata mimi zilinichukua muda kuzielewa. Palikuwa na mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, tuliyesali naye kanisa moja, ambaye alipopata kiinua mgongo chake alijiunga na klabu ya likizo huko pwani. Unalipa mara moja, halafu kila mwaka wanakupa pointi, nawe unazibadilisha kwa nyumba ndani ya hoteli yao kwa wiki moja. Usipozitumia, mwaka ukiisha nazo zinakufa. Magoti ya yule mama yalikuwa yamekataa safari, kwa hiyo alizikodisha kwa watu. Nyumba tuliyopata ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko, na iliungana na bustani ya michezo ya maji yenye mabomba marefu ya kuteleza. Mgeni wa hoteli aliingia humo bure, asubuhi hadi jioni, akatoka, akalala kidogo, akarudi.

Mimi nilikuwa nikitaka gesti. Walimu wenzangu waliowahi kwenda waliniambia kwamba nje ya ukuta wa hoteli, ng'ambo tu ya barabara, kuna gesti za bei nafuu ambapo unajipikia samaki wako na hakuna mtu anayekukagua ukivaa malapa. Mume wangu alicheka. Gesti, akasema, ni bei rahisi kwa macho tu. Kila siku utalipa langoni ili mtoto ateleze, chakula chako hakiruhusiwi ndani, na jua likimchosha mama utampumzisha wapi, kwenye mchanga? Tulibishana hivyo wiki nzima, kwa raha, kama watu wanaochagua rangi ya gari ambalo hawajawa nalo. Akanishinda. Ukweli ni kwamba hesabu yake ilikuwa sawa, na jambo hilo lilinikera zaidi.

Hakuna aliyemuuliza mama. Tulitaka kumshtua kwa furaha.

Nilikwenda Bungoma mwenyewe kumpa habari. Kwetu ni karibu na Mabanga, na nilimkuta uani akipukuchua mahindi kwa vidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado havijahitaji macho. Alifurahi, akaniita mama kama anavyoniita akifurahi, akauliza habari za safari, halafu polepole akaanza kurudi nyuma. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Nikamtafutia jirani wa kumwangalia ng'ombe. Basi kuku je? Jirani angeangalia na kuku. Halafu kukawa na mkutano wa akina mama wa kanisa, halafu kukawa na mgongo, halafu, safari iliyofuata, akaniambia ati anaogopa maji.

"Mama, si ni wewe ulisema unataka kuona bahari?"

"Nilisema kuona. Sikusema kulala huko."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia kwamba watu wanahangaika kwa ajili yake, na kwamba mkwe wake amejinyima mengi. Akaendelea kupukuchua. Baadaye, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Hiyo nyumba iko na choo ngapi?"

"Moja, lakini safi kabisa. Ni ya ndani, ya kuvuta maji."

"Ya ndani," akarudia.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikajiona mjinga wa kutupwa. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Hawapeani mkono mpaka zawadi fulani zitolewe, na hata baada ya zawadi hizo hawali meza moja, wala hawalali chini ya paa moja. Choo kimoja ndio usiseme. Ni heshima, hakuna chuki ndani yake, na mama alikuwa ameishika tangu siku niliyoolewa. Mume wangu akifika, yeye huvuta leso hadi kwenye paji la uso na kupotelea jikoni, na chakula anachompikia huwa kizuri kuliko anachonipikia mimi. Nilikuwa nimekulia ndani ya desturi hiyo, na bado nilikuwa nimempangia mama wiki nzima ya kusikia mkwe wake akikoga upande wa pili wa ukuta.

Nilirudi Kitale nikamweleza mume wangu. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati, na kwao heshima ya mkwe ipo, lakini haifiki chooni.

"Hayo mambo ni ya zamani, bana," akasema. "Mama ni mama. Si nitakuwa kama kijana wake tu?"

"Wewe si kijana wake. Hapo ndipo shida iko."

Hakuwa mtu mbaya. Akasema kwamba basi yeye atalala gesti, ng'ambo ya barabara, na sisi watatu tulale kwenye nyumba ya pointi. Ningeweza kumbusu. Nilipanda gari kesho yake tu kumpelekea mama suluhisho hilo, na mama akalikataa kabla sijalimaliza.

"Nimfukuze mkwe wangu kwa nyumba amelipia mwenyewe? Watu wa kwao watasemaje? Watasema mama ya mke wake alikuja, akamtoa nje."

"Hakuna mtu atajua, mama."

"Mimi nitajua."

Basi nikasema mimi na yeye tulale gesti, na mume wangu na mtoto wakae hotelini. Sasa mume wangu ndiye aliyenuna. Alikodi nyumba ya familia, akasema, alale humo na mtoto mmoja kama mjane? Na mtoto naye akasikia, akalia kwamba anataka kulala na kukhu wake. Nikamwendea yule mwalimu mstaafu nimuulize kama nyumba moja kubwa inaweza kubadilishwa kuwa mbili ndogo. Maskini, alipiga simu pwani mbele yangu, akasubiri, akaeleza, akasubiri tena. Haikuwezekana. Wiki ilikuwa imeshafungwa, pointi zilizobaki hazikutosha nyumba nyingine, na kurudisha malipo hakukuwapo katika utaratibu wao. Alisikitika kweli. Alinikaangia mandazi.

Nilikuwa nikienda na kurudi kati ya Kitale na Bungoma nikibeba maneno ya watu wawili wanaopendana na wasioweza kuongea ana kwa ana. Kila mtu alikuwa na haki. Kila mtu alikuwa na adabu. Ningempata hata mmoja wa kumlaumu ningemlaumu kwa moyo wote, nilale usingizi. Sikumpata. Na wakati huo wote, mama alikuwa anakosea kikombe mezani, anakigusa kwanza kwa nje ya mkono, kisha anakishika kama vile ndivyo alivyokusudia.

Mwishowe ni yeye aliyeamua. "Nyinyi endeni, msipoteze hiyo kitu mmelipia," akaniambia. "Mkiwa huko, angalia hizo gesti. Ukipata penye nyumba mbili, tutaenda Desemba. Mkwe wangu akae yake, mimi nikae yangu. Bahari haiendi mahali."

Tukaenda bila yeye. Sitasema uongo, nyumba ilikuwa nzuri: vitanda vya chandarua cheupe, jiko lenye kila kitu, na asubuhi unafungua mlango unakuta bustani ya maji hapo hapo. Mtoto aliteleza kwenye yale mabomba mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Kile chumba cha pili kilikaa wazi, kitanda kimetandikwa, na mfanyakazi alikuja kila siku kubadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Nilichukia kila starehe ya mahali pale. Mume wangu aliona, na hakunitania, jambo ambalo si kawaida yake.

Siku ya tatu nilivuka barabara. Nilizunguka gesti baada ya gesti, nyingine chafu, nyingine zenye baa, mpaka nikapata moja iliyokuwa na vijumba viwili vimetengwa na uwanja wa kuanikia nguo, kila kimoja na choo chake. Dirisha la kijumba cha nyuma lilitazama juu ya ukuta wa hoteli. Ukisimama hapo uliona vichwa vya yale mabomba ya kuteleza, watoto wakipanda ngazi, na nyuma yao bahari yenyewe, samawati iliyokolea. Nikamwambia mwenye gesti kwamba kijumba hicho kiwe cha mama yangu Desemba. Nikampa malipo ya kwanza papo hapo, nikarudi hotelini nikiimba.

Septemba, Jumamosi moja, tulikwenda Bungoma kumpelekea mama viazi na habari. Kawaida mume wangu husubiri langoni mpaka nitangulie kumwambia mama kwamba mkwe yuko. Siku hiyo gunia lilikuwa zito na mtoto alikuwa amelala garini, kwa hiyo nilipokuwa namwamsha, yeye akajitwika gunia akaingia nalo, akalitua katikati ya uwanja. Mama alisikia gari. Akatoka jikoni.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Mume wangu ni mtu mrefu, na alikuwa amevaa shati jeupe. Alisimama pale akisubiri mama amwone, avute leso, ageuke. Mama hakugeuka. Alikuja moja kwa moja, akitabasamu, mkono umetangulia, mpaka akamfikia.

"Umefika, mama," akamwambia, na akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Nimemwona mume wangu akibishana na askari wa barabarani bila kupepesa jicho. Siku ile hakuweza kujibu, kwa sababu sauti ingemsaliti, na hakuweza kuutoa mkono. Alinitazama juu ya kichwa cha mama, macho yamemtoka. Mama alikuwa anakipapasa kiganja chake.

"Mkono imekuwa ngumu hivi! Kwani huko Kitale wanakufanyisha kazi gani, mwanangu?"

Nilikimbia. Nilipenyeza mkono wangu katikati ya ile mikono, mume wangu akauchomoa wake taratibu, mpaka mama akawa ameshika wangu. "Nimefika, mama," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini alidhani ni uchovu wa safari.

Mume wangu alirudi nyuma kwa kunyata, hatua kwa hatua, kama mtu aliyeiba. Alipofika garini alifungua mlango, akaubamiza kwa nguvu zake zote, kisha akaita kutoka langoni, "Hodi! Hodi hapa!" kama mtu aliyefika sasa hivi.

Mama akaniachia. Akavuta leso mpaka kwenye paji la uso, akageuka haraka kuelekea jikoni, mkono mmoja ukiufuata ukuta kutafuta mlango. Mume wangu alibaki langoni, na nilipomwita aje akae kivulini alitikisa kichwa.

Jikoni mama alinimiminia chai, kidole kikiwa ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Aliuliza kama mkwe wake ni mzima. Nikasema ni mzima. Akauliza kama nimepata nyumba mbili, na kama ziko mbali kidogo.

"Ziko mbali, mama. Kuna uwanja katikati."

"Vizuri. Basi siwezi kumkosea."

Mtoto alikuwa ameshaamka. Aliingia mbio akamrukia, na palepale akaanza kumweleza: mabomba yalivyo marefu, maji yanavyokusukuma, bahari inavyobadilika rangi mchana na jioni, mashua, ndege weupe.

"Usimalize zote," mama akamkatiza, akicheka, macho yake yakitazama ukuta juu ya kichwa cha mtoto. "Zingine wacha nikaone mwenyewe."

Mtoto alinitazama. Nikamwambia anyamaze, anywe chai.