Lifti ya Mama Mkwe

Tulikuwa watatu, mimi na rafiki zangu wawili, tukijifua ili tutembee kwa miguu hadi Musoma. Asubuhi moja tulikuwa tunarudi Igoma kutoka Kisesa, jasho likitutiririka, gari likasimama mbele yetu. Ni mama mkwe wangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mkwe wangu atembee juani hivi, watu watanielewaje? Pandeni!”

Mama mkwe habishiwi. Tukapanda, akatushusha Igoma, akaendelea mjini. Nilichukia: zoezi lote limeharibika! Basi tukageuka, tukatembea hadi palepale alipotuchukua, tukaanza upya.

Tulipokaribia tena Igoma, tukaliona gari lake likitoka mjini. Wote watatu tukajitupa mtaroni. Likapita. Tukajikung’uta vumbi, tukaendelea kwa miguu yetu.