Nilivyomuua baba yake Liwali kwa kusoma vibaya nukta

Wakuu, natumai hamjambo, na wazee wangu shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe. Mkiona kuna chumvi, ni ile iliyokuwemo tangu mwanzo, mtaiona mbele.

Kwa wageni: ni miaka ya 1880, Sultani yuko Unguja, na hapa Bagamoyo tunaye Liwali wake. Mimi ndiye karani wa Liwali.

Kazi yangu ni kumsomea barua zake binafsi, kisha kuzitunza kwenye kasha lenye karafuu ili mende wasizitafune. Anataka wajukuu wazisome na wajue alikuwa mtu mkubwa.

Kazi tamu, jamani. Nikiikosa narudi kwetu Ubena kulima mtama, na mimi na jembe hatujawahi kuelewana.

Sasa, huku barua zetu tunaandika kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina "p". Wenye bidii huandika "b" wakaizidishia nukta, ziwe tatu chini. Wavivu huacha "b" vilevile, msomaji ajitafutie mwenyewe.

Ndugu yake Liwali aliyeko Pangani ni mvivu.

Siku hiyo baraza imejaa. Ikaja barua yake, pamoja na mzigo mrefu uliofungwa kwenye mkeka. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasoma kwa mbwembwe:

"Ndugu yangu, nakuletea baba. Nimempasua, nimemtia chumvi na kumwanika vizuri. Mkate vipande, uwape na majirani."

Macho yote yakageukia ule mzigo.

Baba yao ni mzee sana, na anaishi hukohuko Pangani kwa huyo ndugu.

Liwali alilia mbele ya watu. Ndani wanawake wakapokea kilio. Shehe akaitwa, akaja na sanda. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama majirani waliotajwa ni pamoja na watu wa mtaa wake, Dunda.

Harufu ilikuwepo, sikatai. Ila nani angethubutu kuziba pua mbele ya maiti ya baba wa Liwali?

Shehe akafungua mkeka upande wa miguuni. Akainama, akachungulia. Kisha akasema polepole, "Bwana Liwali, marehemu ana mkia."

Papa, wakuu. Samaki papa, mkavu kabisa, wa kupikia mchuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba ruhusa niichome ile barua, Liwali akakataa.

"Ukiichoma, wajukuu wangu watasikia tu kwamba nilimla baba," akasema. "Iweke. Na jifunze kusoma."

Nikapona. Papa akapikwa, akaliwa, na mimi nilipewa mkia.

Lakini maneno hayana miguu na yanafika. Haikupita muda, ikaja barua nyingine kutoka Pangani, safari hii ya mzee mwenyewe:

"Mwanangu, nasikia umenila kwa mchuzi wa nazi. Niambie, ulinililia kabla hujanionja, au baada?"

Liwali alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kisha akalia tena, taratibu, kama mtoto aliyepotea akapatikana. Hakunipa barua ile. Aliitia kashani mwenyewe, juu ya barua zote za Sultani.

Funzo nililopata: ukitunza barua za wakubwa, usitupe zile za aibu. Za fahari zimejaa kashani na hakuna anayeziulizia. Hii ya mzee, kila mgeni anaomba asomewe.

Haya, na nyie mliowahi kusomea wakubwa barua, leteni yenu hapa chini. Ila tafadhali, wekeni nukta zote.