Koti la Kwenda Kuona Taa

Mtu akiniambia siku hizi kwamba safari ni kupanga tu, huwa nanyamaza nisije nikamtukana bure. Wiki iliyopita mjukuu wangu alikaa karibu nami hapa Isiolo akinionyesha kwenye simu jinsi miji ya Ulaya inavyowashwa taa za Krismasi. Anataka kwenda Desemba, peke yake, azitazame kisha arudi. Hoteli ameshachagua na koti ameshanunua. "Akko, kuna ubaya gani?" akaniuliza, maana ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya. Nikamwambia aende. Kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango, kwa sababu hasira iliyonipanda haikumhusu yeye na sikutaka aione.

Mimi pia niliipanga safari hiyo, miaka ya vita vya Shifta. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya hapa mjini, sijaolewa, wazazi wangu wamefariki, nikiishi kwa abuya, yaani mjomba wangu, kaka wa mama, katika mtaa ambao siku hizi unaitwa Wabera. Matroni wetu alikuwa Mzungu. Alipostaafu na kurudi kwao aliniachia debe la biskuti, biskuti zenyewe zimeshaliwa. Kwenye kifuniko palichorwa barabara ya mjini wakati wa Krismasi: theluji chini, taa nyekundu na za manjano zimefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, na katikati ya barabara mwanamke mmoja aliyevaa koti refu anatembea. Hana mtu mbele wala nyuma. Mke wa abuya alilipenda debe hilo kwa sababu lilifunga vizuri, akawa anawekea buni zake za kukaanga. Kila alipolitoa, mimi nilimtazama yule mwanamke.

Anayeshangaa kwamba mtu mzima anaweza kutamani taa hajakaa Isiolo miaka ile. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari kwetu sisi wa kaskazini. Jua likizama, kila mtu ndani. Koroboi ikionekana dirishani, askari anagonga ukuta kwa kitako cha bunduki: zima taa. Tulikula tukipapasa. Jirani yetu alipigwa mbele ya watoto wake kwa kuwasha taa ili amwone mtoto mwenye homa, na asubuhi nilimshona mimi mwenyewe kichwani. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu, bendera bado mpya, na sisi tunakatazwa koroboi. Nilikasirika wakati ule, na wanaosema nisamehe sasa kwa kuwa ni zamani, wengi wao walikuwa na taa.

Basi matroni aliponialika nikakae naye Desemba, tiketi juu yake, sikufikiri mara mbili. Pasipoti nilikuwa nayo, niliipata nilipokuwa mafunzoni Nairobi kabla mambo hayajaharibika. Watu walinicheka. Mwislamu na Krismasi wapi na wapi? Nikawajibu kwamba sikuwa naenda kusali, nilikuwa naenda kutazama taa. Nilitaka kutembea jioni, barabarani, mahali penye mwanga, bila mtu kuniuliza natoka wapi. Na nilitaka kutembea peke yangu. Nyumbani kwa abuya tulilala tumebanana hivi kwamba ulikuwa unaamka na mguu wa mtu tumboni, na hospitalini wagonjwa walikuwa mpaka sakafuni. Sikumbuki siku moja ya ujana wangu niliyokaa saa nzima bila mtu.

Koti nilishonewa na fundi wa sokoni, mzee wa Kisomali aliyependa mzaha. Nilimpelekea blanketi la kijivu, akalisukuma kando ya cherehani.

"Sista, hii rangi ni ya jeshi," akasema. "Ukivaa hii watasema umevua askari nguo. Leta ingine."

Nikaleta la kahawia. Akauliza baridi ya huko ni kama ya Nanyuki. Nikamwambia imezidi. Akalishona likawa refu na zito, lenye kola ya kufunika masikio, na niliporudi kulichukua akanivalisha kwenye jua kali, wauza mbuzi wote wakitazama. Nilitoka jasho mpaka machoni, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupewa cheti cha uuguzi.

Kilichobaki kilikuwa kibali. Sisi watu wa kaskazini tulikuwa na desturi ya kuuita upande wa pili wa kizuizi cha askari "Kenya". Fulani ameenda Kenya, tulisema, na sisi tuko wapi? Ng'ambo yangu haikuanzia kwenye uwanja wa ndege. Ilianzia pale penye kizuizi cha barabara, na bila karatasi ya ofisa mtu mwenye jina kama langu hapiti. Wauguzi wenzangu waliotoka Meru walipita wakimpungia askari mkono, wakanunue ndizi warudi. Mimi niliyevaa sare ileile nilipaswa kueleza nia yangu.

Ofisa wa vibali alikuwa mtu wa milimani, mpole wa sauti, na siku ya kwanza alinipokea vizuri.

"Habari, Sista. Unaenda na nani?"

"Na mtu hapana, bwana. Peke yangu."

"Hiyo ni mzuri. Mtu moja haina shida. Wakiwa mbili, tatu, hapo sasa naanza kuuliza maswali. Kuja Jumatatu, utapata."

Nilitoka pale nikitembea upesi, kama mtu aliyeiba kitu. Moyoni nilikuwa nimeshafika barabara yenye taa.

Jumamosi hiyo abuya akaita buni. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Buni hukaangwa kwa samli, humiminiwa maziwa, na mkubwa wa nyumba humwombea msafiri kabla kikombe hakijazunguka. Abuya aliniombea vizuri. Akasema njia iwe ya amani, tukaitikia "nagaa", yaani amani. Akasema niendako wanipokee kama wao, tukaitikia "nagaa". Halafu akachukua kikombe cha msafiri. Katika nyumba yetu kikombe hicho kilinywewa na wawili, anayesafiri na anayemsindikiza.

"Na mwenzako ni nani?" akauliza.

"Sina mwenzangu, abuya. Naenda peke yangu."

Akakaa na kikombe mkononi. Mke wake akajifanya kutafuta kifuniko cha debe. Abuya alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemjua mapema nikajihadhari naye. Alikiweka kikombe chini bila kukinywa, wala mimi hakunipa.

"Sawa," akasema. "Tutaona."

Nilidhani amekubali kwa shingo upande. Kumbe alikuwa ameshaamua kunitafutia mwenzangu. Alituma ujumbe kwa lori hadi Kulamawe, huko porini, alikokuwa mwanawe wa kiume akichunga ng'ombe zetu, kwamba aje mjini kumsindikiza dada yake. Kwetu mtoto wa mjomba ni ndugu kabisa, na kijana akiitwa kumsindikiza dada haulizi mara mbili. Mimi hakuna aliyeniambia. Kijana alifika Jumapili nikiwa zamuni, akalala kwa jamaa zetu ili asitubane; ndio waliomsimulia habari za taa.

Jumatatu nilikwenda kwa ofisa nimevaa sare safi. Nilipofika mlangoni nilimsikia abuya ndani. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi na koti lake la suti, na pembeni yake amesimama mwanawe, mrefu, kimya, amevaa shati la baba yake lenye mikono iliyokuwa mifupi kwake. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya njiani. Kusini mwa Isiolo hakuwahi kufika. Aliponiona akatabasamu.

"Dada, nimekuja kukupeleka," akasema.

Abuya aliendelea kumweleza ofisa, kwa adabu zote, mkono kifuani.

"Bwana mkubwa, mimi nakuja kukuondoa wasiwasi. Hii msichana yangu haiendi kama mtu haina watu. Hii kijana inampeleka mpaka kwa ndege, halafu inarudi. Sasa wako wawili."

Alidhani anasaidia. Kwa abuya, mkubwa yeyote mwenye akili angefurahi kuona binti wa watu ana ndugu wa kumsindikiza. Ofisa aliweka kalamu chini.

"Juzi mtu moja," akasema. "Leo mbili. Hii kijana imetoka wapi?"

"Kulamawe."

"Na kibali ya kutoka Kulamawe iko wapi?"

Abuya akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Bwana, nani anaomba kibali ya kuja kwa baba yake?"

Hakuna aliyecheka naye. Ofisa akaita askari waliokuwa nje. Kijana wa Kiborana wa umri ule, aliyetoka porini bila karatasi na anataka kuvuka kwenda kusini: kwao hilo lilitosha, ameshakuwa shifta, yaani mwasi. Walikuja kumshika mikono yote miwili. Alinikabidhi kibuyu kwanza, kwa uangalifu, ili maziwa yasimwagike, wakamtoa nje. Nikamwambia ofisa kwamba mimi ni yuleyule, naenda peke yangu kama nilivyosema, na kwamba kijana huyu hajui hata njia inakoelekea. Hakuinua uso.

"Sista, rudi kazini," akasema. "Hii safari imeisha."

Abuya alibaki akieleza. Alieleza kwa ofisa, akaeleza kwa askari wa mlangoni, akaeleza kwa gari lililokuwa limeshaondoka na mwanawe. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwambia maneno ambayo kwetu mtoto wa dada hamwambii abuya. Nilimwambia kwamba ameiuza safari yangu na amemuuza mwanawe, na kwamba mimi sikuomba mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikutaka Wazungu wakuone huna watu," akasema.

Nilitaka kumchukia na nikashindwa, na kushindwa huko kukaniongezea hasira. Ofisa nilimchukia bila shida. Lakini ofisa alihamishwa mwaka uliofuata, akaenda zake, na abuya nilikula naye sahani moja kila siku.

Krismasi ilifika. Nyumba za maofisa zilipambwa kwa karatasi za rangi na karabai zikawashwa barazani hata kabla jua halijazama, watu wakacheka na kuimba. Ng'ambo ya barabara sisi tulifunga madirisha kama kawaida. Nilikuwa zamuni siku hiyo, nikafunga vidonda vya watu na sikumtakia yeyote heri.

Mwaka mpya ulipoingia tukapata habari kwamba kijana wetu yuko hai, amefungwa kule milimani, na kwamba baridi inawatesa. Chakula hawakupokea, nguo walipokea. Nikalitoa lile koti la kahawia na kumpa mama mmoja wa Meru aliyekuwa na ndugu karibu na pale, yeye aliyepita kizuizi bila kuulizwa. Sikuandika neno lolote. Mke wa abuya aliweka konzi ya buni mfukoni.

Walimwachilia baada ya mvua za masika. Hawakumshtaki kwa lolote, na hawakumwomba radhi. Alishuka kwenye lori amevaa koti langu kwenye joto la Isiolo, amekonda, meno ya mbele hayapo, na tulipomwambia alivue akasema bado. Wazee wa jirani wakaja. Mke wa abuya akatoa debe la biskuti, akakaanga buni, na abuya akamwombea mwanawe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukaitikia. Kijana alikaa karibu nami akishika kola ya lile koti.

"Dada," akasema, "taa uliziona?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sikwenda, na yeye alichukuliwa kabla ya kusikia maneno ya ofisa. Akatueleza. Koti lilipomfikia, na aliyelileta akamwambia ni la dada yake, aliamini nimekwenda na nimerudi nalo. Aliwaambia wafungwa wenzake kwamba hili limetembea kwenye theluji na limepita chini ya taa, na walipokezana kulilalia, mmoja baada ya mwingine. Alisema palipokuwa pabaya alikuwa anafikiri kwamba angalau mmoja wetu alipita kizuizi.

Debe lilikuwa pale sakafuni, mbele yangu.

"Niliziona," nikasema.

"Rangi gani?"

"Nyekundu na manjano. Zimefungwa kutoka nyumba hadi nyumba, juu ya barabara."

"Askari wako?"

"Hapana."

"Wanazizima saa ngapi?"

"Hawazizimi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka. Abuya alikuwa amekishika kikombe cha msafiri, anasubiri kumpa.

"Na ulitembea na nani?" kijana akauliza.

Nilimtazama abuya, sikumtazama yeye.

"Peke yangu," nikasema.

Abuya akakiweka kikombe chini, kama siku ile.